Droni yangu ilizama ziwani, sasa iko kwenye mchele. Nifanye nini?

SWALI: Shikamoo fundi. Napiga picha za harusi na za utalii hapa Entebbe. Wiki iliyopita nilirusha droni yangu, ya gramu 900 hivi, kutoka kwenye boti karibu na visiwa vya Ssese, nikiwafuata wavuvi wa mukene (dagaa) waliokuwa wakirudi mwaloni asubuhi. Betri ilipofika asilimia 25 ilianza kurudi yenyewe, lakini ikashuka majini kama mita 60 kutoka tulipokuwa. Wavuvi waliinasa kwa wavu baada ya saa nzima. Jioni nilitoa betri, nikaizika droni kwenye mchele. Leo ni siku ya tano. Naweza kuichaji na kuijaribu? Na kwa nini haikurudi kwetu?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Pole sana. Usichaji chochote kwanza.

Hiyo betri ihesabu imekufa, hata kama taa zake bado zinawaka. Betri za lithiamu zilizoingia maji zinaweza kupiga shoti ndani kwa ndani na kuwaka siku kadhaa baadaye, tena bila kuguswa. Itoe nje ya nyumba leo hii, uiweke kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, mbali na watoto.

Sasa droni yenyewe, itoe kwenye mchele. Mchele haufiki chini ya chipu, mahali maji yanapojificha, na unaacha vumbi la wanga linaloshika unyevu. Maji ya Ziwa Victoria ni baridi, hayana chumvi kama ya Mombasa, kwa hiyo peke yake hayaui saketi upesi. Kinachoiua ni umeme unaopita ndani ya maji hayo: shaba inaliwa na kugeuka ukungu wa kijani. Kwako betri ilibaki ndani hadi jioni, na hilo linanitia wasiwasi kuliko ile saa moja ya kuzama. Droni ikitolewa majini, betri ing'olewe palepale kwenye boti, kabla hata hujaipangusa.

Fungua ganda. Angalia kwanza meno ya soketi ya betri, kisha utepe mwembamba unaokwenda kwenye kamera. Ukiona kijani hapo, chukua mswaki laini na maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta. Ninasema yale maji safi ya kuongezea, SI asidi. Soma lebo mara mbili. Sugua taratibu mpaka tope na kijani vitoke, kisha suuza tena kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99, ambayo hufukuza maji na kukauka haraka. Iache wazi mbele ya feni siku mbili. Usiianike kwenye jua la mchana wala usiipulizie hewa ya moto, gundi ya kamera italegea.

Mota zako hazina brashi (vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme kwa kusuguana), kwa hiyo maji hayazisumbui sana. Beringi ndizo hushika kutu. Zungusha kila mota kwa kidole karibu na sikio. Inayokwaruza kama mchanga kwenye meno ibadilishwe. Kadi ya kumbukumbu mara nyingi hupona: isuuze kwa spiriti, ikauke, uisome kwenye kompyuta, kamwe si ndani ya droni.

Jaribio la kwanza lifanye bila propela, kwa betri nzima uliyoazima, kwa dakika moja tu, kidole kikiwa karibu na ubao wa saketi. Mahali panapopata joto la ghafla ndipo penye shoti. Hata ikipita jaribio hilo, mimi nisingeirusha tena juu ya vichwa vya wageni wa harusi.

Kwa nini haikuja kwenu? Ilirudi nyumbani kweli. Tatizo ni kwamba nyumbani kwake ni pale ilipopaa, na boti yenu ilikuwa imekwishasogezwa na maji. Droni hairekebishi alama hiyo yenyewe. Kabla ya kurusha kutoka kwenye boti, ingia kwenye mipangilio uiambie irudi mahali kilipo kidhibiti (rimoti), na usasishe alama hiyo kila boti inaposogea. Ikianza kurudi pasipofaa, ifute amri hiyo na uiongoze kwa mkono. Jizoeze uwanjani mpaka kidole kiijue kitufe bila kutazama.

Vihisi vya chini navyo havielewi maji. Vinafuata mawimbi vikidhani ndiyo ardhi, droni inateleza pembeni au inashuka kidogokidogo. Usiiteremshe chini ya mita tano juu ya ziwa. Na kumbuka upepo: alfajiri na asubuhi hutoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa hiyo unakwenda ukisukumwa na kurudi ukipigana nao. Ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na propela zinafanya kazi zaidi. Anza kurudi betri ikiwa asilimia 50. Wewe ulisubiri 25.

Ruhusa ya mamlaka ya usafiri wa anga naamini unayo, hasa kwa vile uko jirani na uwanja wa ndege.

Droni ijayo, ifungie maboya. Lita moja ya sponji ngumu isiyonyonya maji huelea na karibu kilo nzima, kwa hiyo vipande viwili vya nusu lita kwenye miguu vinatosha kwa ukubwa wako. Vitapunguza muda wa kuruka, na upepo mkali ukivuma utahisi droni inavutwa. Vinauzwa pia vibonge vyenye tembe inayoyeyuka majini, ikaachia boya na uzi mrefu. Hivyo vinafaa panapokuwa na kina. Usitegemee kifaa cha kufuatilia kwa redio, kwa sababu mawimbi ya redio hufa sentimita chache tu chini ya maji.

Ikizama, andika papo hapo eneo la mwisho linaloonyeshwa kwenye simu, na dondosha boya lenye jiwe mahali hapo. Usipige mbizi mwenyewe: kuna kichocho kandokando ya ziwa, na humo, kama kwenye Nile, kuna mamba na viboko. Sumaku nayo haisaidii, sehemu kubwa ya droni ni plastiki. Wavu wa wavuvi ndio uliokuokoa, na ndio utakaokuokoa tena. Kwenye maboya andika namba yako ya simu kwa wino usiofutika, ili mvuvi atakayeikuta ikielea alfajiri ajue wa kumpigia.