Nahau za Kiingereza za Kupita Kiasi: Jua Kwanza Kama Unasifiwa au Unakemewa

Kwa miaka mingi nimefundisha Kiingereza darasa la jioni jijini Dar es Salaam, na wengi wa wanafunzi wangu ni watu wazima wa maofisini na hotelini ambao sarufi haiwasumbui tena. Kinachowasumbua ni nahau, hasa zile zinazohusu kuvuka mipaka, kwa kuwa hizo ndizo hutumika mtu anapoonywa, anaposifiwa au anapofikwa na maji shingoni. Ushauri wangu kwa yeyote anayefanya kazi na Waingereza au Wamarekani ni huu: kabla ya kuhangaika na maana ya neno mojamoja, tambua kwanza kama nahau hiyo ni sifa au lawama, na kama ni lawama, ni nzito kiasi gani.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kunionyesha barua pepe ya mkuu wake wa kazi, yenye sentensi hii: "I feel you overstepped the mark in yesterday's meeting." Yeye alichukulia "mark" kuwa ni alama kama zile za mtihani, akaamini kwamba amepita kiwango kilichotarajiwa, na alikuwa tayari ameandika jibu la kushukuru ambalo, namshukuru Mungu, hakuwa amelituma. Alama inayosemwa hapo ni ile ambayo mtu hatakiwi kuivuka. Sentensi nzima ilimaanisha kwamba jana kikaoni alivuka mipaka, na ule mwanzo wa upole, "I feel", haupunguzi uzito wa onyo hata chembe. Tulilifuta jibu lile, tukaandika la kuomba radhi na kuomba nafasi ya kuzungumza ana kwa ana.

Kinyume chake, zipo nahau za kuvuka mpaka ambazo ni sifa tupu. Ukiambiwa "you went the extra mile", umefanya zaidi ya wajibu wako, na asili yake wasomaji wengi wa Biblia wanaijua: ni Mathayo 5:41, Yesu anapofundisha kwamba anayekulazimisha kwenda naye maili moja, uende naye mbili, katika nchi ambayo askari wa Kirumi waliweza kumshurutisha raia awabebee mizigo. Vilevile "push the envelope" ni lugha ya marubani wa majaribio, ambao "envelope" kwao ni mipaka ya mwendo na kimo ambamo ndege inaruka kwa usalama. Anayeisukuma anajaribu jambo ambalo wengine hawajalifikia. Hii nasisitiza sana darasani, maana kwetu bahasha inayosukumwa ni rushwa, na mtu aliyepewa sifa hiyo mbele ya wenzake anaweza kudhani ametuhumiwa.

Katika lawama, ngazi ni nyingi. "You went overboard" ni nyepesi: umenunua maua mengi mno kwa sherehe ya ofisi, basi. "Over the top" nayo leo husemwa juu ya mapambo, mavazi au hotuba iliyotiwa chumvi, ingawa katika Vita Vikuu vya Kwanza, 1914 hadi 1918, maneno hayohayo yalikuwa ya askari waliotoka mahandakini kumkabili adui. "You crossed the line" ni nzito, na mara nyingi inagusa heshima au maadili. "Beyond the pale" ni nzito zaidi. Tendo linaloitwa hivyo halivumiliki, wala usiitumie nahau hii kwa kosa la kuchelewa kazini.

Chunga pia unayoyasema juu yako mwenyewe. "I am at the end of my rope", ambayo Waingereza hupenda kuisema kwa "tether", yaani kamba ya kufungia mnyama malishoni, si ya mtu aliyechoka kwa kazi za siku moja. Ni sawa na kusema uzalendo umekushinda, na msimamizi makini atakuuliza kama unataka kuacha kazi. Kama umechoka tu, sema umechoka.

"Give him an inch and he'll take a mile" haina shida kwa mtu aliyekulia kwenye methali zetu, kwa sababu nasi tunasema ukimpa shubiri atachukua pima. Lakini usimwambie mtu usoni, kwani ni kumwita mlafi wa fadhila.

Nahau ninayoirudia zaidi kwa wanaofanya kazi na Waingereza ni fupi: "That's a bit much." Neno kwa neno ni kama kusema jambo limezidi kidogo, na msikilizaji wa Kiswahili huridhika na hilo "kidogo" akaendelea na alichokuwa akifanya. Muingereza anayesema hivyo kwa kawaida anamaanisha kwamba limezidi, na kwamba angependa uache sasa.