Mbegu za podo hazijafa, usizimwage

Juzi Jumanne usiku nimepata ujumbe wa kijana kutoka Njombe. "Shikamoo dada. Nimesia mbegu 300 za podo, huu ni mwezi wa tatu unaingia, hakuna hata moja iliyochomoza. Misonobari niliyosia siku ileile iko kwenye viriba tayari. Nizimwage nioteshe kitu kingine?"

Nimemjibu kwa kifupi usiku uleule, lakini usingizi haukuja. Swali hilo nilijiuliza mwenyewe mwaka 2013, sikuwa na wa kumuuliza, na jibu nililojipa lilinigharimu.

Kitalu changu kiko Lushoto, kwenye mteremko nyuma ya nyumba ya mama. Nilianza kama wengi mnavyoanza, na misonobari na mikaratusi. Mbegu inachomoza ndani ya wiki mbili tatu, mteja anakuja, hela inaingia. Nikajiona nimeiva. Ndipo taasisi moja, ambayo jina lake halina faida hapa, ikaniagiza miche 2,000 ya miti ya asili, nusu yake podo. Wakanipa malipo ya awali. Nilinunua mbegu kwa waokotaji, nikazisia kwenye tuta lililo wazi juani, kwa kina kilekile cha msonobari, nikaanza kumwagilia asubuhi na jioni.

Mwezi wa kwanza kimya. Wa pili kimya. Mwezi wa tatu ulipoisha nilichukua jembe nikalifumua tuta lote, nikazoa mbegu na udongo wake nikamwaga jaani chini ya migomba. Pale kwenye tuta nikapanda kabichi. Malipo ya awali nilirudisha kwa kuuza mbuzi wawili wa mama. Siku napeleka zile hela, mkubwa mmoja wa pale aliniambia mbele ya watu kumi na zaidi kwamba kazi ya miti inataka waliosoma. Ni zaidi ya miaka kumi sasa, na nikipita barabara ile bado nageuza uso.

Mwaka uliofuata, mvua za masika zilipokolea, nilikwenda kukata mkungu wa ndizi. Nikainama kuondoa majani makavu. Chini yake palikuwa na vijishina vyembamba vimejikunja kama kulabu, vingine vimeshanyooka na kufungua majani mawili laini. Kando ya kila kimoja lilikuwepo ganda gumu lililopasuka. Nilihesabu 64, nikarudia kuhesabu. Ni podo zangu, zile nilizozihukumu kuwa zimekufa. Zilichohitaji ni kivuli, unyevu usiokatika na muda, na vyote vitatu zilivipata jaani badala ya kuvipata kwangu. Nilikaa pale chini nikalia.

Ndugu zangu, podo si msonobari. Wote wanaitwa miti ya koni, wote wako kijani mwaka mzima, na hapo ndipo tunapopotea. Msonobari tunaoupanda sana nyanda za juu asili yake ni Meksiko, unapenda jua kali tangu utotoni. Podo ni wa ukoo mwingine, ukoo ambao nguvu yake kubwa iko kusini mwa dunia. Mti wa taifa wa Afrika Kusini ni ndugu yake. Kule Nyuzilandi ndugu yake mwingine, totara, ndio Wamaori, wenyeji wa kule, walichongea mitumbwi yao mikubwa. Wa kwetu una jina la milima yetu ya Usambara kabisa, wataalamu wanauita Afrocarpus usambarensis, na umeshaorodheshwa kimataifa kati ya miti iliyo hatarini kutoweka. Jani lake ni bapa na jembamba, si sindano. Mbao yake haina utomvu wa kunata. Wala hautoi ile koni ya mbao mnayookota chini ya msonobari. Unatoa kitu kama tunda, nyama kwa nje na ndani ganda gumu lenye kokwa.

Ganda hilo ndilo lililonishinda. Aliyenifundisha ni mzee mmoja mpasua mbao wa zamani, jirani wa mama. Aliniita, "Mwanangu, njoo na mbegu zako na nyundo ndogo." Tukaloweka matunda siku mbili, tukayasugua kwa mchanga mpaka nyama yote ikatoka. Kisha akaweka mbegu moja juu ya jiwe, akaishika kwa ncha za vidole, akaigonga kidogo sana. Tak. Ganda likafanya ufa, kokwa ndani haikuguswa. Siku ya kwanza niliponda moja katika kila tatu. Baada ya wiki mkono ulizoea, sikio langu likaujua ule mlio. Mbegu nilizozipasua hivyo zilianza kuchomoza wiki ya saba, na zile nilizoziacha na ganda lake ziliendelea kunitokea moja moja karibu mwaka mzima.

Kivuli ni lazima. Podo huanza maisha chini ya wakubwa wake msituni, kwa hiyo jenga kichanja, kiezeke kwa majani ya migomba au nyasi, na uanze kukipunguza miche ikishakomaa. Na udongo. Hapa wengi wanakosea kwa kujiamini. Mtu anachota udongo chini ya misonobari kwa sababu amesikia mche unahitaji ule ukungu wa mizizini unaousaidia kunyonya chakula udongoni. Kweli unahitaji, lakini ukungu wa msonobari na wa podo si mmoja. Ng'oa mche wa podo wenye afya utazame mizizi yake: utaona vinundu vidogo vimepangana kama shanga. Humo ndimo ukungu wake unamoishi. Chota udongo kidogo chini ya podo mwenyewe, uchanganye na mboji. Kama podo hiyo iko ndani ya hifadhi, omba kibali kwanza kwa TFS, wakala wa serikali wa misitu, cha udongo na cha mbegu.

Jambo jingine, podo ina dume na jike. Kuna baba mmoja amenilalamikia kwamba podo yake haijawahi kuzaa. Ana mti mmoja tu uani. Panda kumi, usipande mmoja.

Mnaniuliza sana pesa inakuja lini. Sitawadanganya. Mti wangu wa mwanzo kutoka jaani leo umefika usawa wa paa, wakati misonobari ya rika lake jirani alishaivuna. Mbao ya podo ni ya manjano iliyofifia, imenyooka, ukiipiga randa inang'aa, ingawa usiichimbie ardhini kwa sababu mchwa wanaipenda. Wazee wetu walikuta miti hii imesimama, wakavuna. Sisi tumevuna iliyobaki, na sasa tunataka mche utupe hela kabla mtoto hajamaliza shule ya msingi. Hiyo si haki. Mtu anayekula alichopandiwa lazima apande kitakacholiwa na wengine, hata kama watu wanamcheka barabarani.

Mwaka huu nimetoa miche 1,400 ya podo. Mama ameishika mmoja mmoja wakati wa kupakia, ameshapata na mbuzi wake.

Kwa kijana wa Njombe: funika tuta kwa nyasi kavu, jenga kichanja kesho, mwagilia mara moja kwa siku tu ili udongo usiwe tope. Fukua mbegu tano upasue. Kokwa ikiwa nyeupe na ngumu, ziko hai. Nitumie picha ya hizo tano.