Kwa mgonjwa wa fibromialjia, yoga ianze kwa kidogo

SWALI: Daktari, salaam. Nina umri wa miaka 46. Mwaka jana niliambiwa nina fibromialjia, ugonjwa wa maumivu ya kudumu ya mwili mzima, baada ya kuhangaika kwa muda mrefu huku vipimo vyote vikionyesha sina tatizo. Ninatumia dawa niliyoandikiwa, lakini maumivu na uchovu havijaisha. Rafiki yangu alinishawishi nijiunge na darasa la yoga. Nilikwenda mara moja, nikajitahidi kufanya kila walichofanya wenzangu, kisha nikalala kitandani siku tatu. Je, yoga inanifaa kweli? Na ikinifaa, niache dawa?

JIBU: Dada yangu, pole sana kwa siku hizo tatu, na pole zaidi kwa muda uliohangaika bila kuaminiwa. Maumivu yako ni ya kweli. Vipimo havikuonyesha kitu kwa sababu katika fibromialjia misuli na viungo havina jeraha. Kilichobadilika ni namna ubongo na uti wa mgongo vinavyopokea taarifa za maumivu, kiasi kwamba mguso au juhudi ambayo mtu mwingine asingeihisi, kwako huwa maumivu makali. Ndiyo maana darasa la kawaida lilikulaza. Hukuumia, bali uliuzidishia kazi mwili ambao mfumo wake wa fahamu tayari uko katika hali ya tahadhari.

Yoga inaweza kukufaa, ila si yoga uliyokutana nayo siku ile. Mwaka 2010 watafiti wa chuo kikuu kimoja cha jimbo la Oregon, Marekani, walichapisha utafiti wa wanawake 53 wenye fibromialjia, na waliofuata programu ya yoga kwa wiki nane walipata nafuu ya maumivu, uchovu na hali ya hisia zao kuliko waliobaki na matibabu ya kawaida peke yake. Jambo ninalotaka ulishike ni kwamba katika kipindi cha saa mbili, mikao ya mwili, tena ya taratibu, ilichukua takriban dakika 40 tu. Muda uliobaki ulikuwa wa kutafakari, kupumua kwa utulivu, mafundisho na mazungumzo. Utafiti huo ulikuwa mdogo, na mwongozo wa mwaka 2016 wa EULAR, muungano wa Ulaya wa vyama vya madaktari wa magonjwa ya viungo na misuli, unaipa yoga pendekezo dhaifu tu, ilhali mazoezi ya mwili kwa jumla ndiyo tiba pekee iliyopewa pendekezo lenye nguvu. Kwa hiyo usiitarajie ikuponye.

Anza na dakika tano hadi kumi, ukiwa umelala chali, magoti yamekunjwa na mto chini yake, ukipumua kwa namna ambayo pumzi ya kutoka ni ndefu kuliko ya kuingia. Baada ya siku kadhaa ongeza mkao mmoja au miwili, ukiegemea kiti au ukuta, na uishie kabla ya kufika mwisho wa uwezo wako. Kipimo chako kiwe hali ya kesho yake: ukiamka na maumivu yaliyozidi kwa dhahiri, punguza muda kwa nusu, wala usiache kabisa. Ninaowahofia zaidi ni wagonjwa wanaopata siku njema, wakafanya mara tatu ya kawaida yao kwa furaha, kisha wakalipa kwa wiki nzima. Mwalimu wako aujue ugonjwa wako kabla ya somo, na asikusukume kwa mikono ili ufike mbali zaidi. Viungo vyako vikiwa vinalegea kupita kiasi, au ukiwa na tatizo la shingo au shinikizo la damu, zungumza kwanza na daktari wako.

Dawa usiiache. Baadhi ya dawa za fibromialjia, zikikatizwa ghafla, huleta kizunguzungu, wasiwasi na kukosa usingizi, mambo ambayo ungeweza kudhani yametokana na yoga. Ukiona nafuu baada ya miezi miwili au mitatu, mpelekee daktari aliyekuandikia dawa kumbukumbu zako za usingizi na maumivu, ili kama inafaa, ndiye aipunguze hatua kwa hatua.