Kabla hujaenda kukusanya vumbi la darasani

Wewe unayeanza utafiti wa metali nzito, kama risasi (ile metali yenye sumu, si ya bunduki), katika madarasa ya hapa Lamu, watu watakuuliza: magari yenyewe hayapo, vichochoroni ni punda tu, risasi itoke wapi? Nami niliwaza hivyo mwaka wangu wa kwanza. Kumbe ilikuwa kwenye milango na madirisha, ndani ya rangi kuukuu. Hewa ya chumvi huibambua, magamba huanguka, miguu ya watoto huyasaga. Vumbi la nje lina mvua ya kulisomba. La ndani hubaki. Siku hizi Kenya hairuhusu rangi kuwa na risasi zaidi ya sehemu 90 kwa milioni, lakini milango iliyopakwa zamani bado inafunguliwa kila asubuhi. Na pakiwa na karakana ya kuchomelea vyuma au ya kupaka boti rangi jirani na shule, iandike.

Anza na anayefagia. Mimi nilishika barua ya mwalimu mkuu nikaingia darasani moja kwa moja, nikakuta sakafu imeoshwa. Wiki nzima nilirudi na mifuko mitupu. Mama mfagiaji ndiye aliyenionyesha vumbi la miezi lilipo: juu ya kabati, kingo za madirisha, chini ya jamvi. Mwamkie, kaa naye, muulize anafagia saa ngapi na kwa nini.

Brashi na kizoleo viwe vya plastiki, visafishwe kila unapohama chumba. Chungio liwe la nailoni. La kwangu lilikuwa la shaba iliyochanganywa na zinki, na hizo hizo mbili ndizo nilizokuwa nazipima! Sampuli zote nikazimwaga. Bado inaniuma.

Kwenye hesabu za hatari, usimpime mtoto wa chekechea kwa vipimo vya mtu mzima. Makadirio yanayotumika sana ni miligramu 200 za vumbi kwa siku kwa mtoto wa kilo 15, na 100 kwa mtu mzima wa kilo 70. Gawanya: kwa kila kilo ya mwili, mtoto anameza zaidi ya mara tisa. Tena utumbo wake hufyonza risasi mara nne hadi tano kuliko wa mkubwa. Kwa hiyo faharasa ya hatari, yaani kiasi anachopata mtoto ukikigawanya kwa kiwango kinachohesabiwa kuwa salama, ikitoka chini ya moja, usiandike "salama" kwa upande wa risasi. Hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa hakimdhuru mtoto, na ubongo ukishaathirika haurudi ulivyokuwa.

Majibu yarudishe shuleni kwa maneno ya kawaida: sakafu ipigwe deki, kwa sababu ufagio mkavu wa chelewa hurusha vumbi, mikono ioshwe kabla ya kula mabuyu. Nilipomweleza yule mama hayo, aliniuliza, "Na mimi ninayelivuta kila siku, mwanangu?" Fomu yetu ilikuwa na safu ya wanafunzi na ya walimu. Yako iwe na ya kwake.