Gauni ni lako, kwa nini umsingizie fundi wa Mji Mpya?

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mhasibu katika ofisi ya umma hapa Morogoro, na nina miaka tisa kazini. Mama alinilea peke yake kwa cherehani. Alishonea watoto wa mtaa mzima sare za shule, na kila nilipoigusa cherehani yake alinirudisha kwenye daftari, akisema hakunizaa nije kuinamia sindano kama yeye. Nilisoma, nikapata ajira, na sasa mama amepumzika na hujivunia kazi yangu kwa kila anayemtembelea. Miaka mitatu iliyopita nilinunua cherehani yangu, na tangu hapo usiku wangu wote ni kushona. Nguo ninazoshona nazivaa ofisini, na wenzangu wakiuliza nani kanishonea, najibu kwamba ni fundi mmoja wa Mji Mpya. Mama naye nimemwambia hivyo hivyo. Siku hizi nikikaa mezani naona kama naigiza maisha ya mtu mwingine. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, iko kwenye droo, lakini kila nikitaka kuipeleka mkono unakufa ganzi. Bado nina mkopo wa benki wa miaka miwili. Je, mimi ni mwoga, au nina akili? – Mshoni wa Siri, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama mahali pamoja, napo si pale ulipoitaja droo. Nimekwama kwa huyo fundi wa Mji Mpya. Umemzua mtu, ukampa mtaa wa kukaa, kisha ukamkabidhi sifa zote za vidole vyako, na kwa muda wa miaka mitatu amekuwa akipongezwa kwa kazi ambayo wewe umeikeshea. Ungeniambia kwamba unaficha deni au unaficha mume wa mtu, ningeelewa haraka zaidi. Lakini mtu kuficha jambo ambalo kila alionalo analisifu, hilo linahitaji kutazamwa kwa utulivu.

Wewe unaamini kwamba ujasiri wako unapimwa na ile barua ya droo. Mimi naona barua hiyo ndiyo nyepesi. Mtu akiacha kazi, siku hiyo hiyo huonekana shujaa kabla hata hajatunga uzi kwenye sindano, na kama mambo yakiharibika baadaye, atakuwa na la kusema kwamba alithubutu. Neno zito ni lile la maneno mawili ambalo hujalisema kwa mtu yeyote: "Nimeshona mwenyewe." Ukilitamka hilo ofisini saa nne asubuhi, kabla ya chakula cha mchana atakuwapo mwenzako aliyesimama mezani pako na doti ya kitenge akisema, "Basi na mimi nishonee." Hapo ndipo penye hatari yenyewe, na ninadhani moyo wako unajua, ndiyo maana umemweka yule fundi mlangoni akulinde.

Maana gauni unalojishonea mwenyewe unalijaribu mara kumi mbele ya kioo, na likikataa begani unalifumua usiku huohuo, na hakuna atakayejua. La mteja lina tabia nyingine. Kitenge chake ni kimoja na kimeshakatwa, kiuno chake si chako, mkono mmoja wa watu wengi umezidi mwingine kidogo, na harusi ni Jumamosi. Atakuja Ijumaa jioni, atalivaa, atajigeuza upande huu na upande ule, kisha atanyamaza. Ule ukimya wa mteja mbele ya kioo, mwanangu, ndio mtihani wa fundi, na hujaufanya hata mara moja. (Mimi mwenyewe nina fundi ambaye gauni langu la Idi lilinifikia Idi pili, tena mgongoni limebana kama kibandiko, na bado mwaka uliofuata nilirudi kwake, kwa hiyo usidhani kwamba kosa moja linamfunga mtu duka.) Wahenga walisema mficha uchi hazai, nao hawakuwa wakizungumzia uzazi peke yake.

Umeniuliza kama wewe ni mwoga au mwenye akili, na nadhani umekuwa vyote viwili, ila umevigawa vibaya. Akili umeitumia kujificha, na ujasiri umeuweka akiba kwa ajili ya siku moja kubwa ya kuacha kazi.

Wengi wakitaka kumtia mtu moyo humtajia Siti binti Saad, na humsimulia kana kwamba aliamka asubuhi moja akaacha kila kitu, akaruka. Mimi nikiyatazama maisha yake naona jambo jingine. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, akiwa binti wa mfinyanzi, na watu waliifahamu sauti yake kwanza kwa sababu ya vyungu, maana alivitembeza huku akivinadi kwa kuimba. Alipohamia mjini mwaka 1911 alikuwa amekwisha kuingia miaka ya thelathini, na ilipofika mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili kwenye santuri. Mjini walimcheka kwamba aliingia na kaniki kiunoni, wala hakuwa na jina la ukoo la kujikingia. Kinachonivutia ni ile miaka ya vyungu. Kila mnunuzi alimsikia, akamwona sura, akajua kwamba mwenye sauti hii ndiye huyu mwenye kapu kichwani. Hakumsingizia mtu sauti yake.

Na kuhusu hili la kwamba unaigiza maisha ya mtu mwingine, nakuomba ulipunguze makali. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, akianzia idara ya forodha, na sehemu kubwa ya yale tunayomkumbuka nayo aliyaandika akiwa bado mwajiriwa. Sijapata kumsikia mtu akimwita mnafiki kwa sababu mchana alikuwa akihesabu mizigo ya watu. Uhasibu wako haukufanyi kuwa mtu wa uongo, maana ndio uliokununulia cherehani. Uongo uko kwenye sentensi moja tu, na sentensi hiyo unaweza kuiacha kesho bila kumwandikia mwajiri barua yoyote.

Sasa hesabu, kwa sababu jambo hili lilinishangaza. Umeniandikia ukiwa mhasibu, na barua yako nzima haina tarakimu hata moja inayohusu ushonaji. Sijui gauni moja linakuchukua saa ngapi, sijui uzi, zipu, bitana na umeme vinakugharimu shilingi ngapi, wala sijui kama yupo mtu asiyekufahamu aliyewahi kutoa fedha mfukoni akakulipa. Upande wa ajira, mambo yanajulikana. Mwanachama wa PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, anahitaji michango ya miezi 180 ili astahili pensheni, na wewe kwa miaka tisa una miezi kama 108, kwa hiyo umepungukiwa na 72. Fao la kukosa ajira halikuwekwa kwa ajili ya mtu anayeondoka kwa hiari yake. Mkopo uliouchukua kwa dhamana ya mshahara hautakoma siku mshahara utakapokoma, kwani benki itakufuata hadi kwenye meza ya kukatia. Siyasemi haya ili uogope zaidi. Nayasema kwa sababu hofu isiyo na tarakimu haina mwisho, lakini ukiijua idadi ya miezi na kiasi cha rejesho, unajua pia ni magauni mangapi yanayolingana nacho.

Kwa hiyo barua ya droo iache ilale miezi sita. Ndani ya miezi hiyo, shona jioni na siku za mapumziko kwa watu wanaolipa, na uanze na wale wasio marafiki zako, kwa sababu rafiki hulipa kwa sifa, na sifa hazilipi rejesho la mkopo. Kwanza mweleze afisa utumishi wako nia yako, umwulize kanuni zinasemaje kuhusu kazi ya nje ya saa za ofisi na kuhusu likizo bila malipo, na usikubali hata siku moja kitenge cha mteja kikalale kwenye meza ya mwajiri. Kila vazi liandike kwenye daftari: kitambaa, vifaa, saa ulizotumia, fedha uliyolipwa, na kama lilirudishwa, lilirudishwa kwa kosa gani. Kosa la bega likijirudia mara tatu, tafuta fundi mzoefu ukakae miguuni pake Jumamosi kadhaa, na digrii yako uiache nyumbani. Ikifika mwezi wa sita na faida yako, baada ya kutoa kila gharama, inatosha kulipa rejesho na pango, basi itoe barua, irekebishe tarehe, uipeleke kwa muda wa taarifa unaotakiwa, nami nitakuwa upande wako. Isipotosha, utakuwa bado na mshahara, cherehani na wateja wanaokujua kwa jina, na utaongeza miezi mingine.

Limebaki la mama, ambalo nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo linalonigusa zaidi. Unadhani unamficha. Mwanangu, mwanamke aliyepinda mapindo ya sare za mtaa mzima hawezi kulitazama gauni lako akala hadithi ya fundi wa Mji Mpya. Anaujua mkono. Huenda hata namna unavyofunga uzi mwishoni mwa mshono uliichukua kwake ulipokuwa mdogo, ukimchungulia kutoka kwenye daftari lako. Amenyamaza, na kunyamaza kwake sidhani kama ni hasira. Ninavyohisi, anaogopa kwamba mgongo wake uliopinda uliuzwa bure, na wewe unaogopa kumwambia kwamba alichokukataza ndicho ulichokipenda, kwa kuwa kilikuwa chake. Usiende kwake na habari za kuacha kazi, maana hilo halijafika. Nenda Jumapili na gauni lile unalolionea fahari kuliko yote, uligeuze ndani nje, umwekee mapajani pamoja na miwani yake, na umwombe akague mshono.