Kuita methodi kwa jina lililomo kwenye variabo, fanya lakini kwa akili

Kuna dogo kaniandikia inbox, ana switch ndefu haina mwisho (ile orodha ya "ikiwa ni hiki, fanya hiki"), kila ripoti ina case yake na kila methodi, yaani kipande cha kodi kinachoitwa kwa jina, inataka parameta zake, yaani data inazopewa, moja inataka mwezi tu, nyingine mwezi na tawi, nyingine haitaki kitu, na bosi kila mara anaongeza ripoti mpya. Anauliza kama anaweza kuita methodi kwa jina lililoko kwenye variabo akaachana na hiyo switch. Anaweza. Kwenye PHP ni $ripoti->$jina(...$data), hizo nukta tatu zinafungua orodha ya data iwe parameta mojamoja, zipo tangu PHP 5.6 ya 2014. Python ni getattr(ripoti, jina)(*data), Java unapitia reflection (programu kujichungulia yenyewe) na Method.invoke. Mafunzo mengi yanaishia hapo, na mateso ndo yanaanzia hapo.

Kuna timu nliwahi kufanya nayo kazi, siitaji, mfumo mzima ulikuwa unazunguka kwenye mstari mmoja huu:

call_user_func_array([$this, $_GET['kazi']], $_GET['p']);

Hiyo inaita methodi kwa jina unaloipa, na $_GET ni data iliyo kwenye URL. Ndiyo, jina la methodi linatoka kwenye URL moja kwa moja. Nikasema jamani mlango uko wazi, mtu akiandika kazi=futaWote inaitwa futaWote. Kiongozi wetu akanijibu mbele ya watu kwamba futaWote ni private (haiitwi kutoka nje ya klasi yake), nisitishe watu, wenzangu wakacheka. Sasa tuelewane, private hapo haikulindi kabisa, kwa sababu anayeita yuko ndani ya klasi hiyohiyo, na ndani ya klasi methodi ya private inaitika kama kawaida. Nikafungua brauza palepale nikaita methodi moja ya private isiyo na madhara, ikaitika. Unadhani nilipewa asante? "Tutaangalia", basi, tukahamia ajenda nyingine. Bado inaniuma kidogo, siwezi kudanganya.

Ikaja siku ya kuhama PHP 7 kwenda 8. Toleo la 8.0 lilitoka Novemba 2020 na likaleta kupitisha parameta kwa majina. Zamani call_user_func_array ilikuwa haijali funguo za arei (orodha ambayo kila thamani ina ufunguo wake), inachukua thamani kwa mpangilio tu, ila tangu 8.0 ufunguo ukiwa stringi unahesabiwa ni jina la parameta. Fomu yetu inatuma ['mwezi' => 5, 'tawi' => 'B'], methodi imeandikwa mauzo($m, $t), skrini ikatoa:

Unknown named parameter $mwezi

Ripoti zikalala moja baada ya nyingine, na aliyetafutwa usiku ni mimi, yuleyule mtisha watu. Wengine walitaka tuzungushie array_values() tulale, na kweli inarudisha tabia ya zamani, mi nikagoma. Ukitegemea mpangilio, siku mtu akihamisha kiboksi kwenye fomu tawi linaingia kwenye mwezi na huenda usipate eror yoyote, unapata ripoti ya uongo. Tukazipa parameta majina yanayoeleweka, $mwezi, $tawi, arei ikapita na majina yake.

Halafu nikaweka arei ya majina yanayoruhusiwa, 'mauzo' => 'ripotiYaMauzo' na kuendelea, URL inaleta ufunguo tu, usipokuwemo unapewa 404. Na msiniambie kuuliza kama methodi ipo kwa method_exists inatosha, hiyo inasema ndiyo hata kwa private. is_callable nayo, inayouliza kama jina linaitika, klasi ikiwa na __call (methodi inayodaka kila jina lisilokuwepo) inakubali jina lolote hata la kipuuzi. Watu wa Ruby, tumieni public_send, send inaita hata za private bila kuuliza. Vijana tunapenda sana kufupisha mistari tukidhani ndo ufundi, tunamkabidhi mtumiaji asiyejulikana usukani wa programu nzima, alafu tukionywa tunacheka. Acheni hiyo tabia. Jina la methodi ulichague wewe, sio mtu wa nje!

Dogo, kama case zako zingekuwa haziongezeki ningekwambia switch iache ilivyo, maana ukibadilisha jina la methodi editor inakubadilishia kila mahali, likiwa ndani ya stringi mara nyingi hailioni. Ila kwa bosi wako huyo tengeneza arei, na uandike testi inayopitia jina mojamoja kuhakikisha methodi yake ipo na ni public. Haifiki hata mistari kumi.