Chai ya kuondoa sumu ya samaki wa kopo

SWALI: Nina ujauzito wa miezi mitano. Natoka kazini usiku, kwa hiyo mara nne kwa wiki mboga yangu ni sadini wa kopo wa sosi ya nyanya. Jirani yangu anasema samaki hao huwekewa dawa ya mochwari ili wasioze, na mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro. Ameniletea chai ya kusafisha sumu, nimeshaanza kuinywa. Je, samaki hawa ni salama kuliwa mara ngapi kwa wiki? (Mama mtarajiwa, Tanga)

JIBU: Dada, hiyo chai iache leo. Ya kopo tutayamaliza haraka, maana hayana mgogoro mkubwa.

Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, inashauri mjamzito ale samaki wenye zebaki (metali yenye sumu) kidogo kati ya gramu 227 na 340 kwa wiki, yaani milo miwili hadi mitatu. Kopo dogo la gramu 125 lihesabu kuwa mlo mmoja. Mara nne zako zinapita kidogo, ila kwa sadini sioni la kukukosesha usingizi. Siku ya nne pika maharage au mayai, na zaidi ni kwa ajili ya chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na sosi ya kopo huja na chumvi yake kabla hujashika kijiko. Kama kliniki wamekwambia presha inapanda, imwage hiyo sosi, ukaange samaki kwa nyanya zako mwenyewe. Mwenye gauti, ule ugonjwa wa viungo kuuma na kuvimba, naye asome hapa: sadini na vibua wana purini nyingi, kitu kinachouamsha ugonjwa huo, kwake hata mara mbili kwa wiki zinaweza kuwa nyingi.

Sasa hiyo dawa ya mochwari. Nasikia habari hii kila mara, na anayeisimulia hajawahi kuona kiwanda. Samaki hufungwa ndani ya kopo lisilopitisha hewa, kisha kopo zima hupikwa kwa mvuke wenye shinikizo, kwenye joto la nyuzi 121 hivi. Joto hilo huua vijidudu pamoja na mbegu zao, na kwa kuwa kopo limezibwa, vingine haviingii. Hakuna kilichobaki cha kuozesha, hivyo formalini, hiyo dawa ya mochwari, ya nini? Halafu formalini hukaza nyama. Sadini wa kopo ni laini hadi mfupa wake unapondeka mdomoni, na mfupa huo ule, ndiyo kalsiamu unayoihitaji sasa.

Kama ni kuogopa, ogopa aina ya samaki. Zebaki huingia baharini, vijidudu vikaigeuza kuwa methilizebaki, samaki wadogo wakaila, wakubwa wakawala wadogo, ikazidi kurundikana kadiri samaki anavyokuwa mkubwa na mzee. Katika vipimo vya FDA, sadini wana wastani wa miligramu 0.013 za zebaki kwa kilo. Jodari wa kopo wa kawaida, yule anayeandikwa tuna, ana 0.126. Jodari mweupe, ambaye lebo yake husema albacore, ana 0.350, na huyo mjamzito hula mlo mmoja tu kwa wiki, bila samaki mwingine wiki hiyo. Papa? 0.979.

Umeona hesabu hiyo? Vipimo ni vya soko la Marekani, lakini papa ni mwindaji wa miaka mingi katika bahari yoyote. Na huku kwetu pwani nani anamkataza mjamzito papa mkavu wa nazi? Hakuna. Anasifiwa kwamba ni chakula cha asili. Anayekatazwa ni sadini, kwa kosa la kukaa ndani ya bati. Dada, papa na nduwaro waache mpaka umalize kunyonyesha.

Turudi kwenye chai. Hujasema ina nini, na nadhani hata jirani hajui. Nyingi ninazoletewa zina sanamaki. Wazee wa pwani wanaijua vizuri: ni dawa ya kufungua choo, na kwa kazi hiyo inafanya kweli. Ukinywa usiku, alfajiri tumbo linasokota, unakimbilia chooni mara tatu, unatoka mwepesi, na muuzaji anakwambia sumu hiyo imetoka. Kilichotoka ni maji, na potasiamu ambayo moyo na misuli yako inaihitaji. Methilizebaki iko kwenye damu na ndani ya nyama za mwili, imeshikamana na protini, kuharisha hakuifikii. Mwili wenyewe huitoa polepole, nusu yake kwa siku 50 hadi 70, ikiwa huongezi nyingine. Kuishia kuharisha na ujauzito wa miezi mitano, kwa sababu ya samaki asiyekuwa na shida, ndiko kunakonitia hasira.

Na maziwa je? Swali hilo hunifuata kila ninapotaja zebaki. Maziwa ni chakula kizuri, kunywa, lakini hayaondoi zebaki. Ndimu hukata shombo basi. Mkaa wa dawa hushika baadhi ya sumu, tena hospitalini na mapema, ila metali hauzishiki vizuri. Mtu aliyepimwa damu akakutwa na sumu ya metali ana dawa zake, na hupewa na daktari chini ya uangalizi.

Wauzaji hawa hawaishii kwenye samaki. Paketi ileile leo inasafisha sumu ya kopo, kesho inashusha sukari, keshokutwa inasafisha kizazi na kuyeyusha mafuta ya tumbo. Nimeona wagonjwa wa kisukari walioacha vidonge kwa ajili yake. Paketi isiyotaja kilichomo, kiasi cha kutumia na aliyeitengeneza, usiinywe, hata ukipewa bure, hata aliyekupa awe mtu wako wa karibu. Kwa mjamzito naongeza: asinywe muarobaini wala shubiri, ambavyo navyo hutiwa kwenye michanganyiko hii. Vilivyobaki kwenye paketi usivitupe. Nenda navyo kliniki, mwambie mkunga umekunywa kwa siku ngapi. Kama umeharisha sana, unaona kizunguzungu, tumbo linakaza au kuna damu, usingoje tarehe ya kliniki.

Cha ajabu, watu haohao wanaoogopa dawa ndani ya kopo zima hununua sokoni makopo yaliyovimba kwa sababu yameshushwa bei. Kopo lililovimba, linalovuja, lililoliwa na kutu au lililobonyea pale kwenye ukingo wa mshono, litupe bila kuonja, kwani sumu ya botulini inaweza kuwemo bila harufu wala ladha. Ukibakisha nusu kopo, hamishia samaki kwenye bakuli lenye kifuniko na uweke kwenye friji, umalize ndani ya siku tatu. Huna friji, fungua kopo dogo, ulimalize palepale. Sadini, vibua na jodari waliolala mezani hutengeneza histamini, na ile huwezi kuiua kwa kuwakaanga tena asubuhi na vitunguu; utawashwa, uso utakuwa mwekundu, kichwa kitagonga, kisha utasema jirani alikuwa na haki.